Mbegu za Viazi Zipimwe Kabla ya Kugawiwa

Mbegu ya viazi mviringo inayopendeza machoni yaweza kubeba virusi Y. Virusi hivi vina aina kadhaa. Aina O hutia majani mabaka na mikunjo. Aina N mara nyingi huonyesha dalili hafifu, mkulima asizione. NTN huweza kuacha pete za kahawia kwenye viazi vyenyewe. Vidukari huvieneza. Mmea ulioambukizwa hauna dawa, na mbegu yake hurithi ugonjwa.

Kuchagua mashina yenye afya shambani husaidia, lakini jicho halitoshi. Kipimo cha ELISA hugundua virusi kwenye jani. PCR hutofautisha aina zake. Hivyo bajeti ya mbegu iwe na fungu la kupima. Tusigawe ugonjwa kwa jina la msaada.