Anga la Kiogoro ndani ya kompyuta

Nani katika sisi watu wa pwani asiyekijua Kilimia? Mkulima alikitazama ajue lini ashike jembe. Nahodha naye alizijua nyota zake za safari kama ajuavyo majina ya wanawe. Waalimu wa falaki walinukuu waliyoyaona: siku, saa, upepo na hali ya mwezi. Lakini ni madaftari mangapi yaliyoliwa na mchwa baada ya wenyewe kufariki?

Leo kipo chombo cha kuihifadhi elimu hiyo. Ni programu ya kompyuta iitwayo Stellarium, aliyoianzisha Mfaransa Fabien Chéreau mwaka 2001. Hutolewa bure, nayo huonyesha mbingu kwa siku na saa uitakayo. Uzuri wake ni kuwa mlango haukufungwa: waweza kutia humo maarifa yako mwenyewe.

Tuseme mtu wa Mombasa amehamia Kiogoro, karibu na mji wa Kisii, kwa ajili ya biashara. Jambo la kwanza ni kuiambia programu mahali alipo, maana asipofanya hivyo huenda ikamwonyesha mbingu ya Paris. Ataandika jina la Kiogoro, latitudo isiyofika nyuzi moja kusini mwa ikweta, na longitudo ya karibu nyuzi 34.8 mashariki.

Hesabu hiyo si mchezo. Kisii iko magharibi ya Mombasa kwa karibu nyuzi 5, na dunia huchukua dakika 4 kuzunguka uzi mmoja. Kwa hiyo jua huchwa Kiogoro yapata dakika 20 baada ya kuchwa Mombasa, zikizidi au kupungua kidogo kwa misimu. Mwenye kufuturu kwa ratiba ya Mombasa atakuwa amekula na jua lingali juu! Kibla nacho ni hivyo hivyo. Mombasa huelekea kaskazini takriban sawasawa. Kiogoro ni kaskazini iliyopinda mashariki kwa nyuzi kama 12.

Jambo la pili ni upeo wa macho. Pwani twatazama bahari iliyo wazi, lakini nchi ya Kisii ni ya vilima. Programu hupokea picha za mandhari zilizopigwa pande zote, zikaunganishwa kuwa moja. Hapo mtu ataona mapema kama mwezi mwandamo, ulio chini sana magharibi, utafichwa na kilima au la.

Jambo la tatu ni majina. Zile nyota ambazo Mzungu huziita Pleiades na Mwarabu Thurayya, mtu aweza kuziandika Kilimia. Nyota iitwayo Aldebaran ni jina la Kiarabu, al-Dabaran, yaani mfuasi, kwa kuwa huifuata Thurayya. Mwarabu aliandika, na jina lake likadumu ulimwenguni. Basi mgeni wa Kiogoro na amwendee mzee wa Kigusii, amwamkie kwa adabu, aulize kwao nyota hizo huitwaje, kisha ayaandike majina yake kando ya yetu.

La mwisho ni kumbukumbu za kila usiku. Programu huweka orodha ya vitu vilivyotazamwa pamoja na maelezo. Andika tarehe, saa, mawingu, na nani alikuwa nawe. Tenga wazi yale yaliyohesabiwa na kompyuta na yale yaliyoonwa kwa jicho, kwani hesabu ni hesabu na ushahidi ni ushahidi. Kisha weka nakala mahali pengine, na nyingine karatasini.

Kompyuta nayo hufa, ndugu zangu, kama daftari liliwavyo na mchwa. Elimu hubaki kwa wale waliopokezana.