Mtoto hakatai chakula, tumbo lake ni dogo

Katika nyumba nyingi za Kwakoa, sufuria ya makande ikiivishwa jioni hulisha familia mpaka kesho yake mchana. Ni chakula cha Wapare tangu na tangu: mahindi yaliyokobolewa, maharage au kunde, chumvi, na kama yupo mwenye bahati, nazi au mafuta kidogo. Kinashibisha, kinapashwa moto asubuhi bila shida, na kinampa mama nafasi ya kwenda shamba bila kurudi saa saba kuwasha kuni. Watu wazima wanakila, wanafunzi wanakila. Tatizo linamhusu mlaji mmoja tu, yule wa mwaka mmoja na nusu.

Anachukua punje moja ya harage, anaiminya kwa vidole, anaipaka sakafuni. Anatafuna mahindi mawili, anatema, anageuza uso. Mama anasema mtoto huyu hapendi kula. Bibi anasema ana minyoo. Jirani aliyekuja kuomba chumvi anasema anaota meno. Na baada ya nusu saa mtoto yuleyule anaonekana kwa jirani huyohuyo, anakula ugali kama hajawahi kuuona.

Jirani amekaribia ukweli kuliko wengine, ila si kwa sababu anayoifikiria. Magego ya kwanza ya mtoto huota baada ya kutimiza mwaka mmoja, wengi mpaka karibu mwaka mmoja na nusu. Ya pili huja baada ya miaka miwili. Kabla ya hapo mtoto hana cha kusagia punje ya hindi. Anachoweza ni kuimeza nzima au kuitema, na kuitema ni busara, kwa sababu punje nzima ya hindi au karanga inaweza kumpalia.

Kuna jambo la pili ambalo wazazi wachache huambiwa kliniki. Mtoto aliyezaliwa na kilo tatu hufikia takriban kilo tisa akitimiza mwaka. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili au tatu tu. Kasi ya kukua imepungua, na hamu ya kula hupungua pamoja nayo. Mzazi aliyezoea kuona bakuli likimalizwa akiwa na miezi kumi anaona sasa linabaki nusu, anaingiwa na hofu. Hofu hiyo ndiyo inayoleta kijiko cha nguvu, pua kuzibwa, na kilio cha kila mchana.

Hata hivyo si kila mtoto anayeacha chakula ni wa kupuuzwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 34. Nafuu ipo, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Na udumavu haupigi kelele. Mtoto aliyedumaa anacheza, anacheka, anakimbiza kuku. Ukimlinganisha na wa jirani wanalingana, kwa kuwa wa jirani naye amedumaa. Sehemu kubwa ya hasara hutokea tangu mimba inapotungwa hadi siku ya kuzaliwa ya pili, na kuirudisha baadaye ni kazi ngumu.

Bakuli lake mwenyewe

Kwakoa iko Wilaya ya Mwanga, chini ya milima ya Upare Kaskazini, upande unaoelekea Ziwa Jipe na mpaka wa Kenya. Ni tambarare ya joto na mvua haba. Mvua ikikubali, kila mwenye nguvu yuko shambani. Mazao yakikaribia kukomaa kuna kazi nyingine, kulinda, maana ukanda huu uko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi na tembo hawajui mpaka wa shamba. Baba akikesha shambani na mama akiamkia palizi, mtoto anabaki na bibi au na dada yake wa miaka minane.

Hapo ndipo ushauri mwingi wa lishe unapokwama. Mtoto wa kati ya miezi tisa na miaka miwili anatakiwa kula milo mitatu au minne kwa siku, pamoja na kitu kidogo katikati mara moja au mbili, juu ya maziwa ya mama. Ni rahisi kuyasema hayo kwenye benchi la zahanati. Ni vigumu kwa mwanamke anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa tisa. Anayemwambia apike mara tano hajawahi kubeba kuni.

Kinachowezekana ni kubadilisha sufuria hiyohiyo. Makande yakiiva vizuri, kikombe kimoja hutolewa kabla ya wengine kupakuliwa na kupondwa kwa mwiko au kwenye kinu kidogo mpaka yalainike. Kijiko cha mafuta kinaongezwa. Majani ya kunde au mchicha yaliyochemshwa na kukatwa vidogo yanaingia humo. Kama kuna dagaa, wanasafishwa, wanakaangwa bila mafuta na kutwangwa wawe unga, kijiko kimoja kinatosha. Perege akipatikana kutoka ziwani, nyama yake inachambuliwa kwa vidole hadi mwiba wa mwisho. Chakula hicho kinawekwa pembeni kimefunikwa, na dada mtu anajua kwamba ni cha mdogo wake na kwamba lazima kichemke tena kabla ya kumpa.

Halafu kiingie kwenye bakuli lake mwenyewe. Kula sinia moja ni jambo jema na watoto hujifunza mengi hapo, lakini wa mwaka mmoja na nusu akishindana na kaka wa miaka sita atashindwa kila siku, na hakuna atakayejua alikula matonge mangapi. Bakuli lake linaonyesha. Likibaki nusu leo na kuisha kesho hakuna ubaya. Likibaki limejaa siku tatu mfululizo, hiyo ni habari.

Uji mzito unaogeuka mwepesi

Uji ndio chakula cha kwanza cha karibu kila mtoto wa Kitanzania, na ndio unaodanganya kuliko vyote. Ili upite kwenye kikombe, mama anaufanya mwepesi. Mtoto anakunywa, tumbo linajaa, mama anaridhika. Lakini tumbo lake ni dogo, na alichojaza kwa sehemu kubwa ni maji.

Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, walifanya kazi na dawa ya tatizo hili miaka ya 1980, na dawa yenyewe haikuwa ngeni vijijini. Ni kimea, kilekile wanachokitumia majirani Wachaga kwenye mbege. Ulezi au mtama unalowekwa usiku kucha, unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue, unaanikwa juani ukauke kabisa, unasuguliwa ili machipukizi yote yatoke, kisha unasagwa. Kwa mtama kuondoa machipukizi ni lazima, kwa sababu yana sumu. Uji unapikwa mzito kama ugali laini, unaepuliwa upoe kidogo, kisha kinaongezwa kijiko kimoja cha unga wa kimea. Dakika chache tu unalegea na kunyweka. Unarudishwa motoni uchemke kidogo, na kikombe kimoja sasa kina unga wa vikombe viwili.

Tofauti yake na "unga wa lishe" wa madukani au wa mashine ya kusaga ni kubwa. Mzazi anayechanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya, karanga na dagaa kwenye mfuko mmoja anadhani kila kinachoongezwa kinaongeza afya. Nafaka nne bado ni kundi moja la chakula. Soya huhitaji muda mrefu wa kuiva kuliko unga wa mahindi. Karanga zikisagwa na kukaa wiki kadhaa hupata uvundo, na karanga na mahindi ndiyo mazao yanayopendwa zaidi na ukungu unaotengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa watoto haihitaji kuua ili idhuru. Utafiti uliofanyika Rombo, mkoa huuhuu wa Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2010, uliona kuwa watoto waliokula zaidi sumu nyingine ya ukungu wa mahindi kupitia uji wao walikuwa wafupi kuliko wenzao.

Katika hili bibi wa Kipare alikuwa mbele ya mtaalamu. Mahindi ya kande hupembuliwa, yaliyooza hutupwa, kisha hutwangwa na kupepetwa mpaka ganda litoke, na sehemu kubwa ya sumu ya ukungu hutoka na ganda hilo na zile punje mbovu. Haraka ya kupeleka debe mashineni bila kuchagua ndiyo iliyoharibu mambo.

Bibi huyohuyo, hata hivyo, hutia magadi ili maharage yaive upesi. Kuni ni shida, anaeleweka. Lakini magadi ya kanda ya kaskazini mara nyingi yana floridi nyingi, na meno ya kudumu ya mtoto yanaundwa ndani ya ufizi miaka hiihii ya mwanzo, muda mrefu kabla hayajaonekana. Atakapofika darasa la pili yanaweza kutoka na rangi ya kahawia, na hayasafishiki. Kuloweka maharage usiku na kumwaga maji yale kunapunguza kuni bila kuchafua meno ya mtu. Chai ya rangi nayo ingesubiri. Ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga, na mtoto aliyejaza tumbo kwa chai na andazi saa mbili hana sababu ya kutaka kande saa nne.

Kumlazimisha mara nyingi hakusaidii kitu. Mtoto hukataa chakula kigeni mara nyingi kabla ya kukikubali, wakati mwingine hata mara kumi, na kila safari anayobanwa anajifunza kukiogopa. Anayekaa naye chini, akala mbele yake, akamwachia kijiko hata kama nusu inaishia kifuani, hupata matokeo polepole. Wazazi wengi huacha kwenye jaribio la tatu.

Neno linalowafanya akina mama wajifiche

Kuna mtoto ambaye kukonda kwake si suala la kande. Ameacha kucheza, nywele zimefifia, miguu imevimba au mbavu zinahesabika. Sehemu nyingi za nchi hii huyo ana jina tayari: amebemendwa. Maana yake wazazi wamekutana mapema mno, au mama ameshika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha, au baba ametoka nje ya ndoa.

Uzito wa neno hilo hauko kwa mtoto. Uko kwa mama, ambaye akitoka na mtoto wake mgongoni kila anayemwona anajua cha kusema. Basi hamtoi. Anamkatiza kunyonya ghafla kwa kuambiwa maziwa ya mjamzito ni sumu, anatafuta dawa ya kuogesha usiku, na wiki zinapita. Maziwa hayo si sumu, na mama mjamzito mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha. Ukweli uliojificha ndani ya imani hiyo ni mmoja: mimba zinazofuatana haraka humpunguzia mtoto maziwa, muda na mikono ya kumlisha. Hilo linazungumzwa kwenye huduma ya uzazi wa mpango, na linamhusu baba sawasawa na mama.

Zahanati ina utepe wa kupima mzingo wa mkono wa juu kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na mtoto huyo anahitaji matibabu, si mashauri. Kati ya hapo na 12.5 ni njano. Kupima kunachukua chini ya dakika moja, na mhudumu haulizi nani alilala wapi.

Lakini ili apimwe lazima afike, na wengi hawafiki tena baada ya miezi 18. Chanjo ya pili ya surua na rubela ikishachomwa, kadi inawekwa chini ya godoro. Mizani inatakiwa kuendelea kila mwezi mpaka miaka mitano, na mstari kwenye kadi ndiyo njia pekee ya kutofautisha mtoto mchagua chakula na mtoto anayerudi nyuma. Mstari unaopanda, hata kwa mwendo wa kobe, ni wa mtoto anayechezea punje za maharage tu. Uliolala miezi miwili au mitatu unahitaji majibu.

Mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, watoto wa miezi sita hadi miaka mitano hupewa matone ya vitamini A, na waliotimiza mwaka hupewa dawa ya minyoo hapohapo, bila malipo. Desemba huangukia mvua za vuli, wakati jembe haliweki chini. Si lazima awe mama. Bibi anaweza kumpeleka, baba aliyerudi kutoka kulinda shamba anaweza kumpeleka, mradi kadi itoke chini ya godoro.