Pete Isiyorudi Nyuma

Je, wajua kwamba ile pete yenye namba inayozunguka uso wa saa ya wapiga mbizi hugeuka upande mmoja tu? Ilazimishe upande wa pili, haiendi. Wengi wanaoivaa na suti hudhani ni pambo.

Kabla ya kuzama, mpiga mbizi huigeuza pete, tik-tik-tik, mpaka alama yake ya pembetatu ilingane na mshale wa dakika. Tangu hapo mshale humsomea kwenye pete dakika alizokaa chini. Akigonga mkono kwenye mwamba na pete ikasogea, huongeza dakika, haipunguzi. Atajiona amekawia kuliko ilivyo kweli, naye atapanda mapema. Ingesogea kinyume, hewa ingemwishia huku akidhani bado ana nafasi.

Jean-Jacques Fiechter, mkuu wa kampuni ya saa ya Blancpain huko Uswisi, aliijua hatari hiyo kwa mwili wake: alikuwa mpiga mbizi, na aliwahi kuishiwa hewa baharini kusini mwa Ufaransa kwa kupotewa na hesabu ya muda. Mwaka 1953 kampuni yake ikatoa saa yenye pete ya kuhesabia muda, Fifty Fathoms, yaani kina cha pima 50, takriban mita 91. Robert Maloubier na Claude Riffaud, waliokuwa wakiunda kikosi cha wapiga mbizi wa kijeshi wa Ufaransa, wakaichukua kwa kazi.

Saa hii haina betri. Ndani yake bamba zito la nusu duara huyumba kila mkono unapocheza na kukaza springi. Usidhani ni anasa tu ya kukwepa kutia ufunguo kila asubuhi. Maji hupenda kupenyea kwenye kitufe cha pembeni, na kila kinapofunguliwa, mpira unaozuia maji husuguliwa ukachakaa. Saa inayojitia ufunguo hukiacha kitufe kimefungwa.

Leo kompyuta ndogo ya mkononi humhesabia mpiga mbizi kina na muda, na nyingi ya saa hizi za mamilioni ya shilingi hazilowi ila kwa mvua. Lakini mpira ule huzeeka hata saa ikikaa kabatini, kwa hiyo anayetaka kuogelea nayo aipeleke kwanza kwa fundi aipime shinikizo. Maandishi ya kina, kama “mita 300”, usoni mwake yalikuwa kweli siku ilipotoka kiwandani.