Mlango Utazame Gulio

Konda wa daladala jijini Dar es Salaam akiita "Makumbusho!", abiria hawafikirii nyumba za msonge wala ngoma za kale. Wanafikiria stendi. Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa miaka ya 1960 kuonyesha nyumba za jadi za makabila ya Tanzania, kimelipa jina eneo zima la kando ya Barabara ya Bagamoyo, na hilo si jambo dogo. Lakini mtu anaweza kushuka pale kila siku kwa miaka na asiingie hata mara moja. Sisi wasanifu majengo hatuna budi kujiuliza: jengo la historia likae wapi na lielekee wapi, ili anayepita na shughuli zake aone kwamba yaliyomo ndani yanamhusu?

Swali hili naliuliza nikiifikiria Mlola, kata ya milimani wilayani Lushoto. Tuseme wakazi wake na majirani zao wameamua kujenga makumbusho ya historia ya Usambara. Nina hakika atatokea mtu wa kupendekeza kilima kilichojitenga, chenye mandhari ya kupigia picha. Ningempinga kwa nguvu zote, na hoja zangu ningezitoa katika historia ileile tunayotaka kuihifadhi.

Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Usambara, waliitawala nchi hiyo kutoka Vuga, juu milimani. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika huko mwaka 1857, Kimweri ye Nyumbai alikuwa angali mtawala. Alipokufa, mwanawe Semboja alibaki Mazinde, chini tambarare, ilikopita njia ya misafara, na nguvu nyingi zikaelekea huko. Baadaye ikaja reli. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, ikategemea barabara inayopanda kutoka Mombo. Njia ilipohama, biashara na utawala vilihama nayo. Makumbusho yatakayosimulia habari hii huku yenyewe yamekaa mbali na njia za watu yatakuwa yanajipinga. Yajengwe karibu na gulio, mahali wanaposhuka akina mama na mizigo ya maboga na kabeji, bodaboda zinapongoja abiria na wanafunzi wanapokatiza kwenda nyumbani.

Mfano mzuri tunao Lamu. Ngome ya pale, iliyokamilika mwaka 1821, iligeuzwa jela wakati wa Waingereza na ikaendelea kuwa jela hadi mwaka 1984. Kuta ni zilezile nene, ila matumizi yamebadilika: ilipokabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ikawa na maonyesho, maktaba na nafasi ya mikutano na sherehe. Mbele yake ni uwanja wa Mkunguni, wazee wamekaa wakizungumza na soko liko ubavuni. Mtoto anayeingia maktaba kufanya kazi ya shule hupita kwenye historia bila kuitiwa. Kuna pia hekima ya zamani ya nyumba za Waswahili wa pwani: baraza, lile benchi la mawe kando ya mlango, ambapo mgeni hupokewa kabla haijaamuliwa kama ataingia ndani. Kwa Mlola ningeanza na baraza ndefu chini ya upenu mpana. Mvua za milimani humkuta mtu popote, na aliyejikinga hapo atasoma ukutani picha na maelezo ya mji wake bila kulipa chochote.

Ukishaingia, dirisha ni muhimu kuliko kabati. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha huko Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulienezwa Usambara. Wakulima walilazimishwa kujenga matuta kwenye miteremko, kazi iliyowaelemea hasa wanawake, na watu wakaupinga hadi ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1981 ulianza mradi mwingine, SECAP, uliohimiza miti na mistari ya majani ya Guatemala kukinga mmomonyoko. Unaweza kuyaeleza haya kwa mabango kumi. Au unaweza kutoboa dirisha moja linalotazama mlima wa ng'ambo, ukaandika chini yake habari za miaka ile, na mgeni akaangalia mwenyewe namna mteremko unavyolimwa leo. Mwenyeji atanyoosha kidole: shamba lile ni la babu.

Hapa ndipo mchoraji wa ramani anapobanwa. Nguo, karatasi na picha za zamani hupauka, kwa hiyo kipimo kinachopendekezwa kwa vitu vya aina hiyo ni takriban laksi 50, ilhali mwanga wa mchana nje hupita maelfu. Unyevu wa hewa nao ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huota, na Usambara ni nchi ya ukungu. Dawa yake ni kupanga jengo kwa tabaka. Vyumba vya pembeni vyenye madirisha viwekewe mitungi, majembe, mawe ya kusagia na vitu vingine visivyoogopa mwanga. Chumba cha katikati kiwe na giza na hewa iliyotulia kwa ajili ya barua na picha. Mteremko usikatwe ili kupata kiwanja kimoja kikubwa, maana kuta za kuzuia udongo ni ghali na maporomoko ni hatari ya kweli. Sakafu zishuke kufuata mlima, na chumba cha usawa wa barabara kibebe kiini cha simulizi, ili mzee mwenye mkongojo asikose kitu.

Ujenzi uwe ule ambao fundi wa Mlola anaweza kuurekebisha: msingi wa mawe, matofali ya kuchoma, mbao, bati. Hata Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 likiwa katika ukarabati. Matengenezo yanayongoja wataalamu na fedha kutoka mbali huchelewa, na mvua haichelewi.

Lakini kabla ya saruji ningenunua kinasa sauti. Waliokuwa vijana enzi za vita vya matuta sasa wamepita miaka 80. Kijana anayejua Kisambaa vizuri aende kwao wiki hii, aulize nani alilima tuta lipi, nani alikataa, nyimbo gani ziliimbwa shambani. Mchoro wa jengo utasubiri.