Nati ya katikati: kubadili amortiseri nyumbani bila kupigwa na resori



Barabara ya kutoka Komanda kwenda Bunia inapita hapa Marabo, na kila mwenye gari anajua inavyokula amortiseri. Mashimo wakati wa jua, matope wakati wa mvua, na juu ya hayo mifuko ya mihogo na madebe ya mafuta. Gari likianza kuruka-ruka kama mbuzi, mwenyewe ananunua amortiseri mpya Bunia na kuzifunga nyumbani siku ya Jumapili, chini ya mwembe. Kufanya hivyo si vibaya. Mimi ni mganga msaidizi, si fundi wa magari, lakini mkono au uso uliopigwa na resori hauletwi gareji, unaletwa kwangu. Ndiyo sababu leo tunaongea juu ya resori, yaani ile chemchemi ya chuma nene iliyojizungusha kama nyoka.

Hatari yenyewe inatoka mahali tusipopafikiri: inatoka katika ujuzi wetu wa kazini. Wengi tumejifunza kubadili amortiseri kwa Land Cruiser. Kwa gari hilo, lililo na resori za kuzunguka mbele, resori imesimama peke yake na amortiseri imesimama peke yake. Unafungua nati ya juu, unafungua ya chini, unatoa ya zamani, unatia mpya. Resori hukuigusa. Kisha mtu anarudi nyumbani kwenye RAV4, kwenye Corolla, au kwenye Hilux ya 4x4 iliyotoka tangu mwaka 2005, na mkono wake unafanya vilevile. Hapo ndipo balaa. Katika magari hayo, amortiseri ya mbele imepita katikati ya resori, na nati moja tu juu kabisa ndiyo inayoizuia resori isifyatuke.

Mpango huu si mpya. Injinia Mmarekani, Earle MacPherson, ndiye aliyeutengeneza baada ya vita ya 1939-1945, na mwaka 1950 kampuni ya Ford ilionyesha huko Uingereza magari ya Consul na Zephyr yenye mpango huo mbele. Ni rahisi kwa kiwanda na unabana nafasi kidogo. (Hilux inatofautiana kidogo na Corolla kwa mikono ya chuma inayoshika gurudumu, lakini kwa habari ya nati hiyo ni mamoja.)

Watu wanasema: nimeinua gari kwa kriki, gurudumu linaning'inia, basi resori imelegea. Hapana. Resori iliyo huru ni ndefu kuliko nafasi iliyopewa ndani ya amortiseri. Hata gari likiwa hewani, hata ukiitoa yote na kuilaza juu ya meza, bado imebanwa na inangoja.

Inangoja na nguvu gani? Tuseme resori inataka uzito wa kilo 50 ili ishuke sentimita 1, na tumeibana sentimita 14. Sasa inasukuma kwa kilo 700. Ikifyatuka yote mara moja, pigo lake ni kama la mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioanguka toka urefu wa mita 1. Anayependa hesabu azidishe nusu ya 700 kwa mita 0,14. Lakini mfuko wa saruji ni mpana na laini. Resori inaleta pigo hilo kupitia ncha ya chuma, upesi kuliko jicho linavyofumba, na mara nyingi uso wa fundi uko juu yake, kwa kuwa ameinama aone nati inafunguka namna gani.

Sasa kazi yenyewe. Weka gari kwenye uwanja ulio sawa, zuia magurudumu ya nyuma, inua kwa kriki, kisha liketishe juu ya vigogo vya mti mgumu au vishikio vya chuma. Tofali linapasuka bila kuaga, na kriki ni ya kuinulia tu. Fungua bomba la breki pale liliposhikwa kwenye amortiseri lisivutwe. Juu, chini ya boneti, utaona nati tatu au nne ndogo zimezunguka nati moja ya katikati. Zile ndogo zinaishika amortiseri kwenye mwili wa gari: hizo fungua. Ya katikati usiiguse. Ukimaliza juu na chini, amortiseri na resori yake vinatoka pamoja, na hapo havina neno.

Shauri langu ni hili: kazi ya nyumbani iishie hapo. Chukua zote mbili upeleke kwenye gareji yenye kibanio kilichosimama imara, wabadilishe resori, kisha urudi ufunge mwenyewe. Pesa utakayolipa ni kidogo kuliko ya kushonwa taya.

Najua wengine hawatanisikia, kwa hiyo waliokwisha kupata kibanio cha vyuma viwili vyenye kulabu na uzi wasikie hili. Vyuma viwili vikae vikitazamana, kimoja upande huu na kingine upande ule sawasawa. Vikikaribiana, resori inapinda kama ndizi na kuruka. Kulabu zishike mizunguko mingi iwezekanavyo, na vizuizi vyake vifungwe. Paka uzi grisi. Kaza kwa ufunguo wa mkono, mizunguko michache huku, michache kule. Acha pale resori inapocheza kwa mkono ndani ya kikalio chake. Kuibana zaidi ni kuongeza hatari bure. Ndipo nati ya katikati inafunguliwa, nawe ukiwa pembeni, uso usielekee ncha yoyote. Watoto wakae mbali. Resori yenye ufa au iliyoliwa na kutu haibanwi kabisa. Sengenge, kamba, mpira wa ndani wa gurudumu: hivyo si vibanio.

Katika kurudisha, vuta fimbo ya amortiseri mpya mpaka mwisho, ncha ya chini ya resori iingie kwenye kidato chake, tia mpira wa kizuizi na kikalio cha juu, kaza nati mpya kwa nguvu iliyoandikwa na kiwanda, na ndipo ulegeze kibanio polepole pande zote mbili. Amortiseri ya zamani usiitupe motoni wala kuitoboa, maana nyingi zina gesi yenye msukumo ndani.

Na kama mtu amekwisha kupigwa? Damu ikitoka, gandamiza kidonda kwa kitambaa safi na usiinue kila mara kutazama. Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, tia ndani ya mfuko wa plastiki, funga, kisha weka mfuko juu ya barafu au maji baridi. Nyama isiguse barafu. Jicho lililopigwa halisuguliwi wala kuoshwa kwa dawa ya kienyeji: lifunike kwa kikombe bila kuligandamiza. Aliyevunjika taya akae ameinama mbele ili damu itoke nje. Aliyezimia alazwe ubavu, kichwa na shingo vikishikwa pamoja.

Aliyepigwa kichwani akasimama na kusema hana neno, mwangalieni usiku kucha. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, au mboni za macho zikawa hazilingani, apelekwe upesi. Toka Marabo, Nyankunde ni karibu kuliko Bunia. Msimkalishe juu ya pikipiki katikati ya watu wawili. Tafuteni gari alale. Na hata kama kidonda ni kidogo, kikiwa kimeingiwa na kutu na udongo, njoo uulizie sindano ya pepopunda siku ileile.