Kunyoa ndevu na wembe wa kukunja, kwa franka kidogo



Kila siku ya kwanza ya juma, kwenye mstari wa asubuhi, direkta wa nidhamu anapita kuangalia videvu. Mwenye ndevu anarudishwa, na mimi mkubwa wa enternati ndiye naitwa kujibu juu yake. Kwa hiyo nimeomba nafasi nieleze ginsi kijana asiye na franka nyingi anaweza kujinyoa mwenyewe. Dada zetu wasipite ukurasa huu mbio, maana mwisho wake unawahusu na wao.

Kwanza, wembe gani? Kuko wembe wa kukunja wa zamani, chuma kizima, uliofanywa Solingen kule Ujerumani ao Sheffield kule Uingereza. Babu yangu alikuwa nao mmoja. Ni chombo kizuri, kinaweza kupita toka baba kwenda mtoto. Lakini kinataka jiwe laini la kunoa, mkanda wa ngozi wa kupitisha makali kila mara mbele ya kunyoa, na mkono uliozoea. Ukiuona ku soko, usikimbilie. Uangalie makali yake juani. Kama kuko pengo hata dogo sawa punje ya chumvi, umenunua kisu cha kukata nyuzi. Na mkanda na jiwe vinaweza kupita bei ya wembe wenyewe.

Njia ya mwanafunzi iko ingine, na tunaiona kila siku. Mwangalieni kinyozi, yule tunamwita kwafere, pale Nyakasanza ao karibu na soko kuu. Anachukua wembe mwembamba wa makali mawili, anauvunja katikati ungali ndani ya karatasi yake, halafu anatia nusu moja ndani ya mkono wa kukunja. Hakuna jiwe, hakuna mkanda. Wembe ule mwembamba wa kutupa ulitokana na Mmarekani mmoja, King Camp Gillette. Mwaka 1903, alipoanza kuuza, watu walinunua vyombo vyake 51 tu na nyembe 168. Wengine wangeacha kazi pale pale.

Sasa hesabu. Mkono unanunua mara moja. Pakiti ya nyembe tano inatoa nusu kumi. Mimi nanyoa mara mbili kwa juma, na nusu moja inanitosha mara mbili. Basi pakiti moja inanichukua majuma kumi. Wenzangu wa jilete za plastiki, wafanye hesabu yao wenyewe.

Namna ya kunyoa. Usianze na wembe. Anza na mkono mtupu, bila wembe ndani, mbele ya kioo, siku tatu nzima. Utacheka, lakini vidole vinajifunza. Nyuma ya hapo, chagua saa ya jioni. Asubuhi ya Bunia ni baridi, maji ni baridi, ngozi inasimama, na kengele inakuharakisha. Haraka ndiyo inakata watu. Omba maji ya moto kidogo jikoni, loweka kitambaa, ukiweke usoni dakika mbili ao tatu. Ndevu ikinywa maji inalainika. Paka povu ya sabuni ya kuoga, si sabuni ya unga ya kufulia, tafazali.

Vuta ngozi na mkono wa kushoto mpaka inyooke. Laza wembe karibu na shavu, kama zile digri 30 tunazochora katika jeometri. Ukiusimamisha sana, unakwangua. Usitie nguvu, uzito wa wembe unatosha. Na usiuteleze kwa kando sawa kisu juu ya mkate, hata kidogo! Mwezi wa kwanza nyoa mashavu tu. Kidevu na chini ya pua ni pahali pa hatari, umalizie na jilete ya kawaida mpaka uzoee.

Jambo moja limetutesa wengi: vipele vya shingoni. Ndevu zetu zimejikunja. Zikikatwa chini sana, ncha inarudi ndani ya ngozi na pale panavimba. Pitisha vidole shingoni usikie nywele zinalala upande gani, unyoe kwa kufuata upande ule, mara moja tu. Ukibaki na kivuli kidogo, direkta hatakufukuza.

Sasa neno lililonifanya niandike. Mwaka jana tulikuwa vijana saba kwa wembe moja. Tuliuosha na maji, tukaupangusa, tukapeana. Mmoja wetu akaenda kutolea dada yake damu. Walipopima ile damu, walikuta homa ya ini ya B. Hakuna anayeweza kusema aliitoa wapi, na mimi simhukumu. Lakini virusi ile inaweza kudumu siku saba inje ya mwili, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha. UKIMWI pia unaweza kupita kwa damu juu ya wembe. Wakati wa Ebola, toka 2018 mpaka 2020, tulikuwa watoto na tulifundishwa tusiguse damu ya mtu. Halafu tulisahau upesi! Sisi wanne tulikwenda kupimwa, mimi nilionekana mzima. Wawili hawajakwenda mpaka leo. Wanajijua, na kama wanasoma hapa, mimi niko tayari kuwasindikiza. Kwa wasioambukizwa kuko chanjo.

Kwa hiyo kila mtu wembe wake, na mkono wake pia. Dada zetu vilevile, kwa nyembe za kunyoa kichwa na kukata kucha. Wembe uliokwisha, utie ndani ya kopo ya maziwa iliyotobolewa kijuu, iko nyuma ya mlango wa enternati. Ikijaa tunaitupa chooni. Wadogo wetu wanafagia uwanja bila viatu.

Mwenye kutaka kuona kwa macho, aje Siku ya Posho nyuma ya chakula cha saa sita, kwenye beseni. Aje na wembe wake.