Mabua ya mpunga: Mabogini chakula cha ng'ombe, Japani viatu na kamba

Pita Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, baada ya mavuno. Utakutana na pikapu zimejazwa mabua ya mpunga mpaka juu, zinapandisha mlimani. Yanayokosa mnunuzi huachwa yaoze, au hupigwa kiberiti.

Mpunga wa hapa una undugu na Japani. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, inayopitia Mabogini na Chekereni, ilijengwa kwa fedha na utaalamu wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Lakini huko kwao, mabua hayakuwa takataka hata kidogo.

Walitengeneza nini?

Karibu kila kitu cha nyumbani. Kamba za kufungia mizigo, mikeka, makoti ya mvua na ndala za safari zinazoitwa waraji. Mchele ulibebwa kwenye gunia la mabua, tawara, lenye uzito wa kama kilo 60. Hata soya za kuchachusha, natto, zilifungwa ndani ya mabua kwa sababu bakteria wanaozichachusha huishi humo.

Kitu kikichakaa, kilirudi shambani kuwa mbolea.

Wanasukaje?

Mabua marefu huanikwa yakauke, hutolewa majani makavu ya nje, hulowanishwa kidogo, kisha hupigwa kwa nyundo ya mbao mpaka yalainike. Ukiruka hatua hiyo, yanakatika.

Kamba husokotwa kwa viganja viwili: mafungu mawili yanaviringwa upande mmoja, halafu yanazungushana kwenda upande wa pili. Ndiyo maana hazifumuki. Wasokotaji wa kamba za makumbi Zanzibar wanaijua kanuni hiyo.

Mbona zimepungua?

Plastiki na viatu vya raba viliingia. Pia mashine nyingi za kuvuna huyakatakata mabua palepale shambani, na kipande kifupi hakisokoteki. Leo kazi hii inaonekana zaidi kwenye kamba za mahekalu na mapambo ya mwaka mpya.

Na Mabogini je?

Soko la uhakika ni ng'ombe. Vihamba vya mlimani ni vidogo, ng'ombe hulishwa zizini, na kiangazi majani ni shida. Tatizo, mabua yana protini kidogo, kama asilimia 4 tu. Yanajaza tumbo, ila peke yake hayaleti maziwa. Yachanganywe na majani ya jamii ya mikunde au pumba na mashudu.

Ipo pia njia ya kuyanyunyizia maji yenye urea na kuyafunika kwa plastiki kwa wiki kadhaa ili yalainike na kuongezeka protini. Usijaribu kwa kukisia: urea ikizidi inaua ng'ombe. Muone kwanza afisa mifugo.

Huna ng'ombe? Tandaza kwenye migomba au bustani, yatatunza unyevu na kuoza kuwa mbolea. Ukiyachoma, karibu naitrojeni yote inapotea na moshi, halafu msimu ujao unaingia dukani kununua mbolea.

Cha kufanya ni kimoja: ukishapiga mpunga, anika mabua fasta, yafunge na uyaweke juu ya kichanja, mvua isiyafikie. Bua lenye ukungu halifai kwa ng'ombe, na kamba yake haidumu.